Kukwea Panagia: namna ya kuutembea mji mkongwe wa Kavala

Kavala iko kaskazini mwa Ugiriki, kilomita zipatazo 160 mashariki ya Thessaloniki, na wageni wengi huipa nusu siku tu. Wanashuka kwenye basi, wanakwea kilima saa nane mchana jua likiwaka, wanapiga picha ngomeni, kisha wanateremka magoti yakitetemeka na kukimbilia feri ya kisiwa cha Thasos. Baadaye wakiulizwa mji ulikuwaje, wanakumbuka ngazi. Kosa si la mji. Kavala imepangwa tabaka juu ya tabaka kwenye mteremko unaotazama bahari ya kusini, na sehemu yake ya kale, Panagia, imekaa juu ya rasi ya mwamba upande wa mashariki wa bandari. Mahali pa namna hiyo hapapimwi kwa urefu wa njia. Hupimwa kwa mwinuko, halafu kwa mahali lilipo jua.

Tuanze na jua, maana ndilo linalowachezea zaidi waliozoea jua la ikweta. Kavala iko karibu nyuzi 41 kaskazini. Mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa tatu usiku. Desemba huzama kabla hata haijagonga saa kumi na moja jioni. Saa za ukutani, wakati wa kiangazi, ni sawasawa na za Afrika Mashariki, kwa hiyo huna haja ya kugeuza mishale. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, Ugiriki hurudi nyuma saa moja. Anayesali au kufunga ajue kwamba magharibi ya Juni iko mbali sana.

Jambo la pili: jua la huko halifiki utosini. Hata adhuhuri ya Juni liko upande wa kusini. Mteremko wa Panagia unaotazama bandari, yaani wa magharibi, asubuhi uko kivulini kwa sababu mwamba wenyewe unaukinga. Mchana jua likishavuka, mteremko huohuo huwa kikaango, na mawe ya njia hurudisha joto usoni. Basi panda asubuhi kutokea bandarini. Ukifika juu kwenye saa tatu au saa nne, jua liko mgongoni mwako na mji mzima wa upande wa pili umeangazwa mbele yako. Picha ya Panagia yenyewe, ile ya nyumba zilizopandana na ngome kileleni, hupigwa jioni ukiwa ng'ambo, kwenye gati la magharibi. Ukipinda ratiba hiyo utapata vivuli vyeusi na anga jeupe, na hakuna simu ya kuliokoa hilo.

Kufika si kazi. Kavala haina reli. Stesheni ya karibu iko Drama, mji mwingine kabisa kilomita kama 35 ndani ya bara. Njia ya kawaida ni basi la KTEL, yaani mabasi ya mikoani, kutoka Thessaloniki, safari ya saa mbili hadi mbili na nusu. Ukitua kiwanja cha ndege cha Thessaloniki, basi la mjini namba 01X linakwenda moja kwa moja hadi stendi kuu ya mabasi ya mikoani, Makedonia. Ratiba zote huandikwa kwa saa 24: 13:00 ni saa saba mchana, 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. Kwa mtu anayehesabu saa za Kiswahili kichwani, hapa ndipo mabasi yanapokosekana, hasa 19:00 inayosomwa haraka kuwa saa tisa. Andika mwenyewe saa ya kuondoka kwa hesabu yako kwenye tiketi mara tu unapoipokea. Na jifunze umbo la jina la mji kwa herufi za Kigiriki, ΚΑΒΑΛΑ, uweze kulisoma kwenye kioo cha mbele cha basi.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda ipo kwanza habari ya viza ya Schengen, inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya lakini si kwa Uturuki. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isiyopungua euro 30,000 ni lazima, na ombi hupelekwa si mapema kuliko miezi 6 wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Tahadhari moja tu: Kavala iko njiani kuelekea Istanbul, na wengi hushawishika kuvuka mpaka kwa siku mbili kisha warudi kupanda ndege Thessaloniki. Viza ya kuingia mara moja ikishatumika, imekwisha. Kama Uturuki imo katika ndoto zako, omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo.

Stendi ya KTEL iko chini, karibu na bandari, na hapo ndipo swali la mzigo linapoanza. Njia za Panagia zimetandikwa mawe, nyingine zina vidato vipana vifupi ambavyo si ngazi kamili wala si mteremko. Begi la magurudumu haliburuziki hapo. Magurudumu hunasa kati ya jiwe na jiwe, na gurudumu likishavunjika utabeba begi zima kichwani. Mgongoni ndiyo mahali pa mzigo wa Panagia. Vilevile mawe yamelainika kwa miaka mingi ya nyayo. Yakipata mvua, au hata maji ya mtu anayeosha kibaraza chake, yanateleza kama sabuni. Raba yenye soli laini yenye mikunjo ndiyo inayoshika. Kandambili na viatu vya soli ngumu viachie ufukweni, na unapoteremka weka mguu upande kidogo, usiunyooshe mbele.

Anayetaka kulala ndani ya Panagia, na inafaa sana kulala huko, amwulize mwenye nyumba maswali matatu kabla ya kulipa. Gari linaweza kusimama wapi, na kutoka hapo hadi mlangoni kuna vidato vingapi? Chumba kiko ghorofa ya ngapi, maana nyumba za zamani ni nyembamba na ngazi zake za mbao ni kali? Na dirisha linatazama wapi? La mwisho wengi hawaliulizi. Ghorofa za juu za nyumba hizo zimechomoza juu ya njia, zikiegemea viguzo vya mbao, na katika vichochoro dirisha lako linaweza kuwa mkono mmoja na nusu kutoka dirisha la jirani. Ukitaka bahari, taja neno bahari, usikubali neno "mandhari".

Usiingie na gari la kukodi. Ramani ya simu itakuambia njia ipo, na kweli ipo, lakini ina upana wa gari na kiganja, ina kona ambayo gari refu halipindi bila kurudi nyuma mara tatu, na nyuma yako tayari kuna mwenyeji anayepiga honi. Egesha chini bandarini. Ramani hiyohiyo ina uongo mwingine wa upole: itakuonyesha mita 200 na dakika tatu, kumbe mita hizo ni kupanda tupu. Panagia, zidisha makadirio ya simu mara mbili.

Sasa njia yenyewe. Anzia Kamares, matao ya mfereji wa maji, kabla ya kupanda popote. Watu wengi huyapita wakiwa kwenye teksi na kuyahesabu kama pambo. Matao ni 60, ya ukubwa wa aina nne, yakisimama hadi mita 25 na kuenea kwa kama mita 270. Yalijengwa katika karne ya 16 zama za Waosmani, na yalipeleka maji hadi mwaka 1911. Simama chini yake kisha tazama pande mbili: upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni mwamba wa Panagia, katikati ni bonde. Mwamba hauna maji ya kutosha mji, na chemchemi ziko milimani kaskazini. Maji yaliyoshuka toka milimani yangetumbukia bondeni na yasingepanda tena upande wa pili. Ilibidi yavushwe hewani. Matao yamewekwa safu juu ya safu kwa sababu hiyo, yakiwa marefu pale bonde lilipo na mafupi yanapokaribia mwamba. Ukiisha kuelewa hilo, mji mzima wa juu unabadilika machoni. Kila nyumba utakayoiona huko ilikunywa kwa kupitia hapa, na birika la maji utakaloliona ndani ya ngome ni la watu waliojua kwamba adui akikata mfereji wamekwisha.

Kutoka hapo shuka kidogo kuelekea bandarini na ushike barabara ya Poulidou, ndiyo uti wa mgongo wa Panagia. Inapanda polepole ikiifuata rasi, kwa hiyo hata mwenye magoti mabovu anaimudu akipumzika. Mkono wa kulia, upande wa bahari, utaanza kuona makuba mengi madogo yenye rangi ya risasi yaliyopangwa kama vikombe vilivyofudikizwa. Hiyo ni Imaret.

Imaret inataka muda. Imejengwa kuanzia 1817 kwa fedha za Muhammad Ali Pasha, mtoto wa mji huu. Alizaliwa Kavala 1769, akaenda Misri mwaka 1801 na kikosi cha Waosmani, na ilipofika 1805 alikuwa ndiye gavana wake. Ukoo wake ulikaa kwenye kiti cha Misri hadi mapinduzi ya 1952. Alipokwisha kutajirika alirudishia mji wake wakfu: madrasa, vyumba vya wanafunzi, mahali pa kusali, na jiko la kulisha wanafunzi na maskini bila malipo. Neno imaret lenyewe ndilo hilo, jiko la sadaka. Wenyeji waliowaona vijana wakila bila kutoa jasho waliibandika jina Tembelhane, nyumba ya wavivu. Leo ni hoteli ya gharama kubwa, tangu 2004, na jengo bado ni mali ya Misri. Huingii kama unavyoingia makumbusho. Hutolewa ziara za kuongozwa kwa saa maalumu katika msimu, na lazima uulize mlangoni siku moja kabla. Wanaosukuma mlango na kamera mkononi hurudishwa, kwa adabu, lakini hurudishwa.

Kwa msomaji wa pwani yetu, ukoo huu si wa mbali kama unavyodhani. Ni Muhammad Ali aliyepeleka majeshi Sudani mwaka 1820, na mjukuu wake, Khedive (mtawala wa Misri) Ismail, ndiye aliyetuma meli za kivita mwaka 1875 zikatwaa Kismayu na Barawa, kutoka mikononi mwa Sultani Barghash wa Zanzibar, kabla Waingereza hawajamshinikiza Ismail aondoke. Waongozaji wa Kavala hawalitaji hilo, wala hakuna sababu walijue. Lakini unaposimama mbele ya sanamu ya shaba ya Muhammad Ali juu ya farasi, mwisho wa Poulidou, na nyumba aliyozaliwa ikiwa pembeni, ni vizuri kukumbuka mkono wa nyumba hiyo ulifika wapi. Nyumba yenyewe ni ya ghorofa mbili, ya mbao na mawe, na ukiikuta imefungwa usisononeke: umbo lake la nje, ghorofa iliyochomoza na madirisha ya vimia, linasema mengi.

Hapo kwenye sanamu kuna kanisa la Panagia, lililoipa mtaa jina, na mbele zaidi mnara wa taa kwenye ncha ya rasi. Bahari iko pande tatu, na siku isiyo na ukungu Thasos inaonekana nzima. Pumzika hapa, si ngomeni, kwa sababu hapa kuna upepo. Kanisani mabega na magoti yafunikwe. Kanga au mtandio kwenye begi unatosha kwa wote.

Ngome ni ya mwisho. Ilisimama katika hali yake ya sasa tangu karne ya 15, juu ya misingi ya Wabizanti, na ndani kuna mnara wa duara, birika, ghala lililowahi kuwa gereza na uwanja wa maonyesho ya kiangazi. Tiketi ni euro chache, uwe na sarafu. Ngazi za ndani ya mnara ni nyembamba na watu hupishana, kwa hiyo mruhusu anayeteremka kwanza. Kusema kweli, kinachovutia ni kutembea juu ya ukuta na kuona jinsi mji mpya ulivyopanda milima, zaidi ya ngome yenyewe.

Wakati wa kurudi pitia msikiti wa Halil Bey, ulio ndani ya vichochoro vya mtaa. Umejengwa juu ya kanisa la kale la Kikristo, na sakafu yake ina vioo vinavyokuonyesha misingi ya kanisa hilo chini ya miguu yako. Wenyeji wengine huuita msikiti wa muziki, kwa sababu bendi ya mji iliwahi kufanyia mazoezi humo. Hausaliwi. Baada ya vita vya Balkani, 1913, Kavala iliingia Ugiriki, na makubaliano ya 1923 ya kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki yaliwaondoa Waislamu wake na kuleta Wagiriki kutoka Asia Ndogo. Anayetaka msikiti unaosaliwa aende Xanthi, kilomita kama 55 mashariki, kwani Waislamu wa Thrakia ya Magharibi, eneo ulimo mji huo, hawakuguswa na makubaliano hayo. Na kwa mlo, ujue kwamba mishikaki ya mitaani kwa kawaida ni nguruwe. Sema kotópoulo upate kuku, au kula dagaa na kome wa bandarini na usiwe na wasiwasi.

Chini, mitaa miwili kutoka majini, kuna kanisa la Mtakatifu Nikolao ambalo lilikuwa msikiti wa Ibrahim Pasha, wa mwaka 1530. Huyu ni waziri mkuu wa Sultani Suleiman. Mwana wa Muhammad Ali naye aliitwa Ibrahim Pasha, na hata vipeperushi vya watalii huwachanganya. Kati yao kuna karne tatu. Nje ya kanisa hilo kuna ukumbusho wa michoro ya vijiwe unaoonyesha Mtume Paulo akishuka pwani. Kavala ndiyo Neapoli ya Matendo ya Mitume 16:11, mahali Paulo alipokanyaga baada ya kung'oa nanga Troa na kupitia Samothrake.

Kutoka Neapoli alikwenda Filipi, nawe unaweza. Magofu yako kilomita kama 15 kaskazini magharibi, na tangu 2016 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Panda basi la kuelekea Drama na mwambie kondakta "Filippi" wakati wa kupanda, si unapoliona bango, maana litakuwa limeshapita. Nenda asubuhi na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu: uwanja ni wazi, kivuli ni kidogo, na siku ya kwanza kila mtu hubeba nusu lita. Ukumbi wa maonyesho, soko la Kirumi na mabasilika, yaani makanisa makubwa ya kale, yanachukua saa mbili na nusu kwa mwendo wa kawaida. Kijito ambako kwa mapokeo Lidia, mwuza rangi ya zambarau, alibatizwa, kiko nje ya eneo la tiketi, mwendo mfupi wa miguu, na wengi hurudi bila kukiona kwa kudhani kiko ndani.

Ukirudi mjini saa nane na nusu mchana utakuta maduka yanafungwa. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi mengi hayafunguliwi tena; Jumanne, Alhamisi na Ijumaa hufunguliwa jioni. Ndiyo saa ya kulala, au ya kuoga baharini Rapsani, ufukwe ulio mjini kabisa. Chooni, karatasi hutupwa kwenye ndoo na si shimoni, kwani mabomba ya nyumba nyingi ni membamba na yakiziba ni wewe utakayeitwa.

Imebaki Thasos, inayopoteza watu kuliko vichochoro vyote vya Panagia. Feri ya kutoka Kavala inafika Prinos, baada ya saa moja na robo hivi. Ile ya kwenda Limenas, mji mkuu wa kisiwa, huondoka Keramoti, kijiji kilicho zaidi ya kilomita 35 mashariki, na kuvuka kwake ni kama dakika 40. Mtu anaagiza chumba Limenas, anapanda feri Kavala, anashuka Prinos jioni na kukuta basi la mwisho limeondoka. Tazama kwanza chumba kiko wapi, ndipo uchague bandari. Na kama ndege yako inatua kiwanja cha Kavala, ujue kiko karibu na Chrysoupoli, jirani zaidi na Keramoti kuliko na mji. Anayekwenda kisiwani kwanza achukue teksi moja kwa moja hadi kwenye feri, na Panagia aiache kwa siku za kurudi, apande asubuhi.